Kipimo cha umaskini chenye viashiria 10: nyota nne

Kazi yangu ni kuchambua takwimu za kaya, na kipimo ninachokishika karibu kila siku ni kile cha umaskini wa nyanja nyingi, MPI. Chuo Kikuu cha Oxford na UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, walikitoa mwaka 2010. Viashiria ni 10: afya 2, elimu 2, hali ya maisha 6. Kila kiashiria kina uzito wake; kaya ikipungukiwa kwenye viashiria ambavyo uzito wake ukijumlishwa unafika theluthi moja ya uzito wote au zaidi, inahesabiwa maskini.

Ninachokipendea, hakiishii kwenye asilimia. Mikoa miwili inaweza kutoka na alama ileile, lakini ukifungua ndani unakuta mambo mawili tofauti kabisa. Huku wanapikia kuni, na kufuata maji ni zaidi ya nusu saa kwenda na kurudi. Kule umeme upo, bomba lipo, ila watoto wameacha shule. Chimba visima kule uone kama hujatupa hela! Wastani wa taifa huyafunika yote hayo.

Mjini ndiko kinakonikera. Mpangaji wa chumba kimoja ana taa, simu na televisheni, basi kinampitisha. Hakimuulizi kodi, madeni, wala kama kesho ana kibarua. Wa kijijini mwenye shamba lake anaonekana hoi kuliko yeye, na pengine (hili ni langu) analala usingizi mzuri zaidi.

Nyota ya tano naishikilia mpaka kiulize kodi.