Uzoefu wangu: ziara ya mavazi ya kale Ujiji, kwa macho ya fundi cherehani

Nianze na bei, maana ndilo swali la kwanza ninaloulizwa. Tulilipa elfu thelathini kila mmoja. Ndani yake mna bajaji kutoka Mwanga, hapa mjini Kigoma, hadi Ujiji na kurudi, mwongozaji, chakula cha mchana na bahasha ya wenyeji waliotufungulia nyumba zao. Kiingilio cha makumbusho hakimo, unakilipa mwenyewe mlangoni, na mwongozaji alitupa habari hiyo tukiwa tumeshashuka. Kwa fundi wa mwezi wa kwanza, sare za shule zimempanda hadi dirishani, hiyo si hela. Kwa fundi wa mwezi wa tano ni hela. Mimi naona yangu imerudi, tena na chenji.

Kikundi chetu ni cha mafundi na wapenzi wa kushona wa Mwanga na Katubuka. Wengi tunaishi kwa vitenge vinavyovuka Ziwa Tanganyika kutoka Kongo, sare na magauni ya sendofu. Mtu akisema "mavazi ya kale" nawaza vioo, vumbi na kibao cha usiguse. Hii ilikuwa tofauti, ingawa ilianzia palepale wanapoanzia watu wote: makumbusho ya Livingstone, penye mnara na miembe iliyotokana na ule mwembe waliokutania Stanley, mwandishi wa gazeti, na Livingstone, mmisionari msafiri aliyekuwa anatafutwa, mwaka 1871.

Mle ndani kuna sanamu zao mbili zenye kimo cha mtu, wanasalimiana kwa kuvua kofia. Wageni wengine waliingia, wakapiga picha, wakatoka. Sisi tuliganda pale kwa sababu ya nguo. Mwongozaji alitusomea alichoandika Stanley mwenyewe kuhusu siku ile: Livingstone alivaa kofia ya samawati yenye utepe wa dhahabu uliochujuka, kizibao chenye mikono myekundu, na suruali ya kijivu ya sufu nzito. Hapo ubishi ukaanza. Kizibao gani kina mikono? Mama mmoja, fundi wa suti tangu sisi wengine hatujajua kutunga uzi, alisema lazima mikono ilikuwa ya kitambaa kingine, kwa hiyo mgongo nao ulikuwa wa kitambaa hicho, kama bitana. Wa pili akasema hapana. Tuliliendesha jambo hilo mpaka mlinzi akaja kutazama kuna nini. Stanley, kwa upande wake, alitoa suti mpya sandukuni kabla ya kuingia mjini, buti zikapakwa mafuta na kofia ikasuguliwa chaki. Yaani alijua anakwenda kuandikwa.

Kilichonikamata zaidi ni maelezo ya vitambaa vyenyewe. Karne ile kitambaa ndicho kilikuwa pesa ya njia ya misafara kutoka pwani hadi hapa ziwani. Merikani ni pamba isiyopaushwa iliyofumwa kwenye viwanda vya Marekani, jina limebaki hadi leo. Kaniki ni ile ya rangi ya nili. Kipimo kilikuwa doti, yadi nne. Stanley alipiga hesabu Zanzibar kwamba watu mia moja wanahitaji doti kumi kwa siku, kwa chakula tu. Yadi arobaini kila siku zinaliwa! Bado hongo, yaani ushuru wa kupita kwenye nchi za watu. Alipofika Uha, nchi ya Waha, watawala walimtoza doti juu ya doti, na alipoambiwa mbele wako wengine wanangoja, akaipita nchi usiku kwa njia za porini. Waha tuliokuwemo tulicheka sana hapo.

Halafu kuna habari ya Sherif. Shehena ya Livingstone iliyotumwa kutoka pwani, vitambaa vikiwemo, ilikuwa mikononi mwa mtu huyo hapa Ujiji. Livingstone aliporudi kutoka Manyema, ng'ambo ya ziwa, mwezi wa kumi 1871, amechoka na mgonjwa, akakuta Sherif ameshauza kila kitu, kwa madai kwamba mwenye mali amekufa. Na kazi ya Sherif? Livingstone ameandika kwenye barua yake: fundi wa kushona, tena mlevi. Kimya kilitanda kidogo, kisha kila mtu akamtazama jirani yake. Mteja wa kwanza maarufu Kigoma kuliwa kitambaa na fundi! Tangu siku hiyo mwenzetu mmoja anayechelewesha kazi za watu tunamwita Sherif, na ameitika.

Lakini hela yangu ilirudi kwenye kituo cha tatu, nyumba ya bibi mmoja katikati ya Ujiji. Tulimwamkia, akaitikia, "Marahaba wajukuu zangu. Mikono mmenawa?" Tulinawa upya mbele yake, kwa sabuni. Ndipo akafungua sanduku. Harufu ya naftalini ikatupiga, kisha zikatoka: joho jeusi lenye uzi wa zari kifuani, kofia za kutarizi, kaniki mbili, na kanzu ya babu yake iliyoshonwa kwa mkono yote.

Ile kanzu niliilalia. Badani, yaani kiwiliwili cha kanzu, ni kipande kimoja kinachotoka pindo la mbele, kinapanda begani na kushuka hadi pindo la nyuma, bila mshono wa begani. Upana wa badani ni upana wa jora, kingo za kiwandani bado zinaonekana kwa ndani. Pembeni kuna taharizi, vile vipande vya kuipanua kanzu, na ukizilaza pamoja unaona zimetoka kwenye mstatili mmoja uliokatwa mshazari. Kikwapa, kipande cha chini ya kwapa, ni mraba uliogeuzwa. Nilitafuta mahali ambapo mkasi ulipoteza kitambaa, sikupaona ila kwenye duara la shingo, na nadhani hata hicho kipande kiliingia kwenye kaba, ule utepe wa kuimarisha shingo. Ukishasikia habari ya doti kumi kwa siku, ukataji huo unakuelea mara moja: aliyekata alikuwa anakata noti. Mishono yenyewe ni midogo kuliko ya cherehani yangu nikiiweka namba mbili. Sisi tukikata gauni la kubana la yadi tatu, chini ya meza panabaki vya kujazia mto.

Mwenzetu aliuliza kwa adabu kama kanzu haijachakaa mno kuvaliwa. Bibi akamjibu, "Chakavu magoti yangu. Hiyo inavaliwa Idi."

Kupiga picha hakuruhusu, kupima kwa futi aliruhusu. Nendeni na daftari. Mimi nilichora badani na taharizi na vipimo vyake, na nimeshakata moja kwa merikani ya siku hizi. Kwapa halivuti hata mvaaji akiinua mikono juu kabisa.

Chakula kilikuwa samaki aina ya mgebuka wa kukaanga, ugali wa muhogo na maharage ya mawese. Kitamu, ila kilifika saa tisa na nusu, na muda huo wa kungoja ungetosha kabisa kumalizia sanduku la bibi, ambalo tulilikatisha njiani kwa sababu mwongozaji alikuwa anaangalia saa. Nilimwambia hivyo usoni, akasema atarekebisha. Jingine: anaijua historia vizuri, lakini ushonaji haujui. Ukimuuliza tofauti ya pindo na sijafu anababaika. Kwa hiyo mwende na angalau fundi mmoja mzee, la sivyo mtaona nguo nzuri tu na kurudi nyumbani.

Msizidi watu wanane, chumba cha bibi hakichukui zaidi. Jumamosi asubuhi ndiyo inayofaa. Ijumaa msijaribu, mchana wenyeji wako msikitini na nyumba zimefungwa.