Miaka sita na magari ya spoti ya Kijapani ya bei nafuu: MX-5, 86 na 350Z

Gari la kwanza nililotaka kununua lilikuwa jekundu, linang'aa, na bei yake ilinifanya niogope kuchelewa. Ilikuwa Mazda MX-5 ya toleo la pili, lile lililoanza kutoka mwaka 1998. Fundi niliyekwenda naye hata boneti hakufungua. Alichutama ubavuni, akatoa sumaku ndogo aliyoizungushia kitambaa, akaipitisha polepole chini ya mlango kuelekea tairi la nyuma. Kwenye mlango sumaku iling'ang'ania. Chini ya mlango, eneo la ukubwa wa kiganja, iliteleza kama imewekwa juu ya kioo. Kutu ilikuwa imekula bati, muuzaji akaziba kwa plasta na kupulizia rangi. Tuliondoka bila hata kuomba punguzo.

Miezi minne baadaye nilipata MX-5 nyingine, nikakaa nayo miaka mitatu. Sasa nina Toyota 86, huu ni mwaka wa tatu. Katikati hapo nililelea Nissan 350Z ya shemeji yangu kwa wiki tano alipokuwa safarini. Mazda RX-8 nilizijaribu tatu, sikununua hata moja. Nikiulizwa leo gari lipi la spoti la Kijapani halimfilisi mtu, na lipi litakuwa na thamani kesho, nina majibu niliyoyalipia kwa fedha yangu.

Nianze na MX-5, kwa sababu ndiyo iliyonifundisha. Ilizinduliwa kwenye maonyesho ya magari ya Chicago mwaka 1989, na kufikia 2016 Mazda walikuwa wameshatengeneza milioni moja. Kwa mwenye mfuko wa kawaida hiyo ni habari njema kuliko nguvu za farasi: spea zipo, mpya na za kuvua, na ugonjwa wowote utakaoukuta kuna mtu ameshautibu. Yangu ilikuwa ya CC 1,800, gia tano za mkono, uzito tani moja na kidogo. Wahandisi wa Mazda wana msemo wao, jinba ittai, maana yake mpandaji na farasi kuwa kitu kimoja. Niliuona kama maneno ya matangazo mpaka siku ya kwanza nilipoingia kona ndefu ya kuteremka kwa mwendo ambao gari lolote la familia lingeufikia, na usukani ukaniambia kila kokoto lililopita chini ya tairi la mbele. Mkono wa gia ni mfupi, na kutoka ya pili kwenda ya tatu unageuza kifundo cha mkono tu, bega halihusiki.

Wepesi ule una faida ambayo watu hawaipigii hesabu. Tairi zake ni ndogo, hivyo seti nzima haikutishi. Breki hazichoki haraka. Mafuta inakunywa kwa adabu. Oili ya injini ni karibu lita nne. Kila kitu kwenye gari jepesi ni kidogo, na vidogo hivyo vikijumlishwa kwa miaka mitatu ndipo unapoona gari la bei nafuu ni lipi hasa. Mkanda wa timing, ule unaozifanya vali za injini zifunguke kwa wakati wake, unabadilishwa kila kilomita 100,000 hivi. Kama muuzaji hana kumbukumbu, hesabu kwamba haujabadilishwa.

Adui wake ni maji. Nyuma ya viti, kila upande, kuna tundu la kupitishia maji yanayoteremka kutoka paa la turubai. Likizibwa na majani na vumbi, maji hujikusanya na kuingia kwenye kingo za chini za bodi, yakaozesha bati kutoka ndani. Nje unaona rangi safi, ndani hakuna kitu. Ndiyo ile sumaku ya fundi. Mimi nilikuwa napitisha bomba jembamba la plastiki kila baada ya miezi mitatu, namimina maji kidogo na kuangalia kama yanadondoka chini mbele ya tairi la nyuma. Kazi ya dakika tano. Nilipoiuza, kwa sababu nilihitaji viti vya nyuma vya watoto, nilipata pungufu kidogo tu ya bei niliyonunulia.

Hapo ndipo ikaja 86. Wengine wanaijua kama Subaru BRZ. Ni gari moja, linatengenezwa na Subaru, majina na mapambo ndiyo yanayotofautiana. Lilitoka 2012 likiwa na injini bapa ya CC 2,000, silinda zake zimelala badala ya kusimama, kipenyo cha silinda milimita 86 na mwendo wa pistoni milimita 86, nguvu za farasi 200. Viti vya nyuma ni vya watoto kweli, mtu mzima asijaribu. Uzito wake ni kama kilo 1,250, na kwa kuwa injini imelala chini sana, gari halilali ubavu kwenye kona.

Lazima niseme ukweli kuhusu injini hiyo. Kati ya mizunguko 3,500 na 4,500 kwa dakika msukumo unapungua, halafu unarudi. Anayekanyaga mafuta akitegemea gari lijivute lenyewe atasema ni zito. Mimi nilijifunza kushusha gia moja kabla ya kulipita lori kwenye mlima na kuiacha injini ipande hadi 7,000, na huko juu inaimba. Kama unatafuta msukumo wa kukubana kwenye kiti, hili si gari lako, na hakuna ekzosi ya kelele itakayolibadilisha. Tairi zake za kiwandani zilikuwa nyembamba kwa makusudi, aina ileile iliyofungwa kwenye baadhi ya Toyota Prius, gari la kubana mafuta, ili gari licheze kwa mwendo mdogo. Ninazibakiza za upana uleule, na sijutii.

Kwa anayenunua zile za mwanzo, 2012 na 2013, kuna swali moja: je, zile springi za vali zilizofanya magari yaitwe kurudishwa kwa matengenezo mwaka 2018 zilibadilishwa, na nani alifanya kazi hiyo? Ni kazi ya kufungua injini. Nataka karatasi, sitaki maneno.

Sasa 350Z. Iliingia sokoni 2002, V6 ya CC 3,500, na kwa nguvu haina mpinzani katika bei yake. Unagusa mafuta kwenye gia ya nne na inaondoka, huna haja ya kufikiri. Niliipenda kwa siku tatu. Siku ya nne nilikwenda kujaza tangi, nikaanza kuelewa. Ina uzito wa tani moja na nusu hivi, na tairi za nyuma ni pana kuliko za mbele, kwa hiyo huwezi kuzihamisha mbele ili ziishe sawasawa. Za nyuma zinakwisha zenyewe na unanunua jozi. Ukifungua buti unakuta nguzo nene ya chuma imekatiza katikati. Nilijaribu kupakia mabegi mawili ya safari ya ukubwa wa kawaida, moja likabidi lilale mbele ya nguzo na jingine nyuma yake, na mlango ukafungwa kwa kubembelezwa. Ni gari la mtu anayelipa gharama bila kuguna. Shemeji ni mmoja wao, na lake amelitunza.

RX-8 nitaipita haraka. Ni gari zuri, milango yake midogo ya nyuma inafunguka kinyume, na injini yake ya rotari ya CC 1,300, isiyo na pistoni bali vipande vya pembetatu vinavyozunguka, inapanda kama haina mwisho. Lakini injini hiyo imeundwa kula oili kidogo kidogo, na mihuri yake ikichoka unaijenga upya yote. Bei yake ya chini ndiyo inayowavuta watu. Usinunue bila kupima mgandamizo kwa kipimo maalumu cha rotari na bila kujaribu kuiwasha ikiwa ya moto. Katika zile tatu nilizojaribu, wauzaji wawili walikataa kipimo. Huko ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Kuhusu kesho, nadhani somo lipo wazi kwenye Honda S2000. Iliuzwa 1999 hadi 2009, kama magari 110,000 tu, gia za mkono peke yake, injini ya kufika mizunguko 9,000, na Honda hawakuleta mrithi. Kuna wakati ilikuwa kundi moja na hizi ninazozitaja. Leo imeshatoka kwenye mazungumzo ya bei nafuu. Nissan Silvia S15, nalo gari la spoti la Kijapani, ilipata msukumo mwingine: Marekani huruhusu gari lisilowahi kuuzwa kwao kuingia likitimiza miaka 25, na S15 za kwanza, za 1999, zilitimiza 2024. Mnunuzi wa Marekani akiingia kwenye minada ya Japani, sisi wengine tunaona bei tu.

Kwa MX-5 mlango huo haupo, kwa sababu Marekani waliipata tangu siku ya kwanza. Kwa hiyo usitarajie muujiza. Toleo la kwanza, lenye taa zinazochomoza, limeshaanza kupanda. La pili bado linadharauliwa, na hapo ndipo ningeweka fedha yangu. 86 ya kwanza ilishushwa bei na mrithi wake, GR86 ya 2021, ambayo injini yake ya CC 2,400 imeziba lile pengo la msukumo. Lakini GR86 yenyewe Ulaya iliuzwa miaka miwili tu, kwa sababu ya kanuni mpya za usalama za 2024. Kizazi cha magari haya kinafungwa, na 86 isiyochezewa haitaendelea kuwa rahisi. 350Z nazo zinaisha mikononi mwa vijana wa drifti, wanaoyatelezesha magari ubavu kwa makusudi. Iliyo safi, yenye shokomzoba na ekzosi zake za kiwandani, tayari ni ya kutafuta kwa tochi. Ndiyo maana spea zote orijino nilizovua kwenye 86 yangu, hata kifuko cha chujio la hewa, zimefungwa kwenye boksi na kuandikwa tarehe.

Mwezi uliopita aliyenunua MX-5 yangu alinipigia. Anauza, na bei aliyotaja imezidi ile niliyomuuzia. Sikubishana nayo. Nilimuuliza kama anakumbuka yale matundu mawili nyuma ya viti niliyomwonyesha kabla ya kumkabidhi ufunguo. Akasema kila baada ya miezi mitatu, na lile bomba la plastiki bado analo. Tumekubaliana nikaliangalie Jumamosi. Nitakwenda na fundi na sumaku yake.