Uzoefu wangu: bamvua la alfajiri Snettisham, pwani ya Norfolk

Mtu wa pwani ataelewa haraka: hapa hakuendwi kutazama ndege siku yoyote, huendwa bamvua, yaani maji makuu ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Ukifika wakati wa maji mafu, yanapojaa kidogo tu, utaona tope mpaka upeo wa macho, na ndege ni vidoadoa vya mbali ambavyo hata darubini haivisaidii.

Snettisham ni hifadhi ya RSPB, shirika la Uingereza la kulinda ndege, kando ya The Wash, ghuba pana ya tope mashariki mwa Uingereza. Makumi ya maelfu ya ndege hula kome wadogo na minyoo humo. Bamvua likizamisha tope lote, hawana pa kusimama, wanaruka juu ya ukingo wa kokoto na kujibana kwenye mabwawa yaliyo nyuma yake, ambayo zamani yalikuwa machimbo ya kokoto. Wengi ni knot, ndege wa kijivu mwenye ukubwa kama wa njiwa mdogo. Husimama bega kwa bega hadi ukingo wa bwawa unaonekana kama umetandikwa mawe, kisha kozi, ndege mwindaji, anapita na mawe yote yanaruka. Likikupitia juu kundi hilo hulisikii likilia. Unasikia mbawa tu, kama mchele unaopepetwa kwenye ungo.

Sasa mahesabu. Angalia jedwali la maji la Hunstanton, mji wa jirani, na uchague siku za mita 7 na kuendelea. Bamvua la hapa hujaa karibu saa zile zile kila mara, kati ya saa 12 na saa 2, asubuhi na jioni. Fika mapema, muda wa saa mbili kabla ya maji kujaa, kwa sababu kutoka maegesho hadi vibanda vya kutazamia ni mwendo wa zaidi ya nusu saa, na kilele cha ndege kuruka huja kabla maji hayajajaa kabisa. Baadhi ya majedwali hayahesabu saa ya kiangazi, ambapo Waingereza husogeza saa mbele: kwa hayo, kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Oktoba ongeza saa moja mwenyewe. Matembezi ya kuongozwa niliyowahi kulipia yalipangwa kwa kufuata macheo badala ya maji. Tulikuta knot wote wameshatulia bwawani. Kabla ya kulipa, uliza kiongozi anatumia jedwali lipi.

Hata jedwali sahihi hudanganya. Mgandamizo wa hewa ukiwa juu, maji hushuka takriban sentimita 1 kwa kila milibari (kipimo cha mgandamizo) inayozidi wastani. Siku tulivu ya jua la baridi inaweza kuacha kipande cha tope wazi, na ndege wakabaki huko huko. Nyota moja ninayoikata ni ya hilo, ingawa hakuna wa kulaumiwa.

Kuanzia Oktoba hadi Januari kuna bata bukini wenye miguu ya pinki kutoka Iceland na Greenland. Hulala topeni, na kabla ya jua kuchomoza huruka kwa mistari mirefu kwenda kula mabaki ya viazisukari (sugar beet) mashambani. Wengi hukosea hapa: mwezi ukiwa mpevu bukini hula usiku kucha kwa mbalamwezi, kwa hiyo alfajiri huondoka wachache na ovyo. Ukitaka bukini na knot asubuhi moja, chukua bamvua la mwezi mwandamo, siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama.

Darubini ya 8x42, yaani inayokuza mara 8 yenye lenzi za milimita 42, inatosha. Ile ya 10x hutikisika upepo ukivuma, na hapa upepo hauishi. Rekebisha jicho la kushoto kwa gurudumu la katikati, kisha la kulia kwa pete yake. Wanaolalamika kwamba picha ina ukungu mara nyingi wameruka hatua hii. Mwenye miwani akunje vikombe vya macho, la sivyo ataona duara dogo tu. Ikiwa ya baridi usiitie ghafla kwenye gari lenye joto, vioo vitashika mvuke.

Treni ya London huishia mji wa King's Lynn, na mabasi ya kutoka hapo hayakufikishi kabla ya alfajiri. Lala kijijini au uende bamvua la jioni. Usikanyage tope hata kidogo: maji hujaza mifereji iliyo nyuma yako kwanza.

Nyota 4 kati ya 5.