Mtungi wa lita 2 wa biodizeli: chuma kizuri, gasketi za kutupa

Unauzwa kama kifaa cha maabara: lita 2, stenlesi 316, hita ya umeme kiunoni, geji moja, valvu moja. Tangazo linadai unageuza shahamu yoyote kuwa biodizeli, yaani dizeli inayotokana na mafuta ya wanyama au mimea, bila kichocheo. Kwa hilo halidanganyi. Umejaribiwa kwa shahamu ya machinjio ya Port Bell Road, Kampala, ile ya kahawia iliyolala siku mbili na kuanza kunuka.

Shahamu hiyo ndiyo inayomtoa jasho mtu anayetumia soda kali kama kichocheo. Asidi huru, zile zinazotokea shahamu ikichacha, zikipita asilimia 1 hivi, soda inakupikia sabuni, na maji yakiwemo ndiyo balaa zaidi. Hapa shahamu inapashwa na methanoli, spiriti yenye sumu, bila soda. Methanoli ikivuka nyuzi 239 na megapaskali 8 si kimiminika tena wala si mvuke. Inaingiana na mafuta yenyewe, na asidi huru zinageuka humo humo. Watafiti Saka na Kusdiana wa Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, walionyesha mwaka 2001, kwa mafuta ya mbegu za rapa, kwamba nyuzi 350 na dakika 4 zinatosha. Hapa dakika zihesabiwe kwa joto la ndani, maana chuma hiki kinene kinapanda polepole. Usipitilize 350, mafuta yataungua.

Yeyusha shahamu kwa nyuzi 60 hadi 70, uchuje kwa kitambaa mara mbili. Moto usiwe mkali: shahamu ya machinjio haikosi vipande vya kaveera (mifuko ya plastiki), na kaveera ikiyeyuka inapita kitambaani, kisha inaganda kwenye tundu la valvu. Kuizibua ni kazi ya sindano na matusi.

Vipimo vya kuanzia: gramu 200 za shahamu kwa mililita 400 za methanoli, yaani molekuli 42 za methanoli kwa moja ya shahamu. Vyote vinajaza karibu theluthi ya mtungi, na hapo ndipo pa kuishia. Ukijaza zaidi ya nusu, kimiminika kinatanuka, kinakosa nafasi, na presha inaruka ghafla. Mtungi hauna sahani ya kupasuka, kile kibati kinachopasuka na kutoa presha ikizidi. Usiuwashe kabla ya kuiweka, hata muuzaji aseme nini.

Gasketi (pete za kuziba uvujaji) zilizokuja nao ni za tefloni, ambayo mwisho wake ni nyuzi 260. Kumwekea mtu tefloni kwenye mtungi wa nyuzi 350 ni uzembe tu. Inalegea, methanoli inavuja pembeni mwa hita, na moto wa methanoli mchana hauonekani vizuri. Weka za grafiti, au pete ya shaba laini.

Kasoro kubwa zaidi ni kukosa kondensa, kifaa cha kupoza mvuke uwe kimiminika tena. Katika zile mililita 400, zinazoliwa ni kama 28 tu. Zilizobaki ama uzirudishe ama uzilipie tena. Funga koili ya shaba kwenye valvu, uizamishe katika ndoo ya barafu, uache mtungi upoe hadi nyuzi 100 na ufungue valvu polepole. Fanya hivyo nje, mbali na moto. Methanoli itakayorudi itakuwa na maji kidogo; kwa njia hii hayo si ya kukukosesha usingizi.

Spiriti ya molasi (ethanoli) ya asilimia 96 nayo inakubali, kwa nyuzi 241 na megapaskali 6.1, ila inakwenda taratibu na inataka gramu 450 kwa zile 200 za shahamu. Hivyo punguza shahamu hadi gramu 150. Methanoli ifungiwe kabatini na iandikwe sumu. Kabale, kusini-magharibi mwa Uganda, mwaka 2010 waragi (pombe kali ya kienyeji) iliyochanganywa nayo iliua watu wengi.

Kupima: mililita 3 za biodizeli ya methanoli ndani ya 27 za methanoli, zikiwa vuguvugu. Tone likizama chini, kuna shahamu ambayo haijageuka.

Kwa shule au mtu anayetaka kujua shahamu yake inafaa kabla ya kujenga mtambo, ununue. Kwa jenereta hapana: mzunguko mmoja unatoa kama robo lita, na umeme unaokula hauna huruma. Na usipeleke biodizeli hii Kabale, kwenye baridi ya milimani, bila kuchanganya na dizeli. Biodizeli ya shahamu ya ng'ombe huanza kuweka ukungu wa nta kwenye nyuzi 12 hadi 17, na asubuhi ya kule chujio la injini litakuwa limejaa nta.