Duka la cheni Kizota: ukifuata cheni ya nanga, beba na gipsi yako (gurudumu la winchi)

Mbukwenyi wakuu. Najua kuna watakaocheka, nanga na Dodoma wapi na wapi, ila bwawa la Mtera nalo ni letu na pale boti za injini zinapiga kazi kila siku. Boti yenyewe ni ya kikundi cha watu wa samaki, mi ndo fundi wao, waliinunua imeshatumika huko pwani, ikaja na winchi ya umeme pale mbele ya kuvutia nanga. Winchi nzima kabisa ila cheni haikuja nayo, aliyeuza kabaki nayo sijui ya nini. Basi nikaingia mtaani kutafuta cheni, na hapa naongelea duka nililoishia, moja la vifaa vya kunyanyulia mizigo kule Kizota, yale maduka yaliyoota tangu ujenzi wa mji wa serikali pale Mtumba ushike kasi.

Huduma kwanza. Nilimwambia dada wa kaunta nataka cheni ya milimita nane, mita thelathini. Hakukimbilia stoo, akaniuliza "kaka ni ya kufungia kitu au ya kupita kwenye gurudumu?" Aisee. Maduka ya katikati ya mji niliyopita kabla hakuna aliyeuliza hivyo, kwao nane ni nane, inakatwa na grainda, inatupwa kwenye mizani, lete hela. Nilivyomjibu ya winchi akasema basi lete hilo gurudumu tulione, bila hilo sikuuzii. Kuna watu wangeudhika, mi nilifurahi.

Maana kiini cha haya mambo kiko hapo. Gipsi ni lile gurudumu la winchi lenye vishimo, kila pete ya cheni inalala kwenye kishimo chake afu inavutwa. Kwa hiyo unene wa chuma peke yake haukusaidii, unatakiwa ujue na urefu wa pete kwa ndani. Cheni ya mm 8 ya pete fupi, ile ya kipimo cha DIN 766 (cha Kijerumani), ndani ina mm 24, na ya ISO 4565 (cha kimataifa) nayo ni 24, so mwenye winchi ya nane kidogo anapumua. Balaa liko kwenye kumi, DIN ni mm 28 na ISO ni mm 30, zote dukani zinaitwa "cheni ya kumi" na kwa macho ni mapacha. Unasema milimita mbili si kitu, ila zinajumlishana, pete ya kwanza inakaa, ya pili inakaa kwa shida, ya tatu ishapanda ukingo wa kishimo, na hapo cheni inaruka meno au inajisokota inakwama chini ya winchi na nanga bado iko kwenye maji. Afu kuna ile ya pete ndefu, DIN 763, ndo imejaa kwenye mahadwea mengi, ya nane ndani ina mm 52, hiyo kafungie geti tu.

Jinsi ya kupima usidanganywe: usipime pete moja, ikikosea nusu milimita hutaiona. Kaza pete kumi mfululizo, pima kutoka nje ya ya kwanza mpaka nje ya ya mwisho, toa unene wa chuma mara mbili, gawanya kwa kumi. Ya nane sahihi inasoma mm 256 nzima, ukitoa 16 inabaki 240. Pale Kizota kalipa ipo kaunta na wanakuachia upime mwenyewe bila kununa, afu kijana wa stoo akabana gipsi yangu kwenye jiliwa akaipitisha cheni mzunguko baada ya mzunguko, ikawa inaingia yenyewe bila kusukumwa. Kwa hilo nawapa tano kwa tano.

Sasa walikuwa na aina mbili, zote zinaingia. Moja ni nyeusi, gredi 80 (daraja la nguvu ya chuma), ile ya cheni bloku za kunyanyulia injini, nayo ni 8 kwa 24 kwa hiyo gipsi haioni tofauti. Ina nguvu kuliko tunavyohitaji na ilikuwepo pale pale. Ila haina zinki, majini inaanza kutu mapema, na mtu asije akakushauri ukaichovye galvanaizi kwa fundi wa mtaani, chuma kigumu cha namna ile kikipitia asidi kinaweza kuja kukatika ghafla bila dalili. Ya pili ni galvanaizi ya moto, yaani imechovywa kwenye zinki iliyoyeyushwa, ya boti kabisa, hiyo waliagiza Dar ikaja na basi. Bei ya mita ilikuwa karibu mara mbili ya nyeusi, wazee wa kikundi wakaguna, ila ndo niliyochukua. Maji ya Mtera ni baridi hayana chumvi, zinki itakaa miaka.

Kwa nini mita thelathini? Bwawa likijaa usawa wake ni mita 698.5 toka usawa wa bahari na linaweza kushuka mpaka 690 ndo kikomo cha kuzalisha umeme, so pale ulipozoea kutia nanga kina kinabadilika mno kati ya masika na kiangazi, na cheni unatakiwa uachie angalau mara tatu ya kina, upepo wa jioni ukianza hata mara tano. Boti ikishatulia msiiache winchi ibebe mzigo, fungeni kamba kutoka kwenye cheni kwenda kwenye nguzo ya boti. Na ule mwisho wa cheni ndani ya boti tumeufunga kwa kamba sio kwa boliti, maana Mtera ina visiki vya miti iliyozama kibao, nanga ikinasa vibaya unakata kamba unaondoka na roho yako.

Lawama sasa. Cheti cha gredi niliomba nikaambiwa "kipo ofisini" mpaka leo. Walipokata waliacha ncha kali, nikazipiga tupa mwenyewe. Mzigo wa Dar uliahidiwa kesho ukaja baada ya wiki na simu hawapigi mpaka upige wewe. Risiti ya EFD wanatoa bila kukumbushwa. Jumapili wamefunga, na usafiri jipange, mita 30 za nane ni kama kilo 42, bajaji niliyopanda alitaka nauli yangu na ya cheni.