Raw Power kwenye santuri: ya Bowie au ya Iggy?

Ukitaka kununua santuri ya Raw Power iliyotolewa upya, angalia kwanza ni nani aliyechanganya sauti, yaani aliyepanga ala ipi isikike zaidi na ipi kidogo. Albamu hii ya Iggy and the Stooges, bendi ya roki ya Marekani, ilitoka 1973, miaka kadhaa kabla muziki wa panki haujalipuka Uingereza, na leo ina sura mbili zisizofanana.

Ya kwanza aliichanganya David Bowie, mwanamuziki wa Uingereza. Alisimulia kwamba kati ya njia 24 za kurekodia, ambazo kila moja huweza kubeba ala yake peke yake, zilitumika tatu tu: bendi nzima kwenye moja, gitaa la kuongoza kwenye nyingine, sauti ya mwimbaji Iggy Pop kwenye ya tatu. Angepanga nini hapo? Ndiyo maana besi ya Ron Asheton inasikika kama iko chumba cha pili, huku gitaa la James Williamson likikata kama msumeno kwenye bati.

Ya pili aliichanganya Iggy Pop mwenyewe, ikatoka 1997. Besi imerudi, ngoma zinakupiga kifuani, na kila kitu kimesukumwa juu hadi sauti inakwaruza. Nyimbo mbili za mwanzo napenda. Upande wa kwanza ukiisha, masikio yamechoka.

Mimi nachukua ya Bowie, na sababu kubwa ni wimbo "Gimme Danger". Gitaa kavu linaanza taratibu, na kuna nafasi tupu pembeni yake inayotia hofu kabla gitaa la umeme halijaingia. Kwa Iggy nafasi hiyo imejazwa. Ila kama spika zako ni nyembamba kwenye besi, chukua ya Iggy.