Pama ya kwanza ununue ipi? Nilivyozipanga kwa jua letu

Pima kichwa kwanza, hata kabla ya kutoa pesa mfukoni. Azima futi ya fundi cherehani, izungushe juu kidogo ya masikio na katikati ya paji la uso, pale kofia itakapokaa. Changu ni sentimita 58. Namba hiyo sasa iko kwenye simu, kwa sababu siku niliyokwenda soko la mitumba la Karume bila kuijua nilirudi na pama ya kahawia, nzuri kweli, iliyonichora mstari mwekundu kwenye paji. Ilikuwa 56. Muuzaji aliniambia itafunguka yenyewe nikiivaa. Mpaka leo inangoja kufunguka. Kofia iliyozidi kidogo unaiokoa kwa ukanda wa sponji nyuma ya ngozi ya ndani. Iliyopungua, mwachie mwenzako.

Kwenye mitumba utakutana na namba za ajabu. Ya Kiingereza iliyoandikwa 7 ni sentimita 57, lakini ya Kimarekani yenye 57 ileile imeandikwa 7 1/8. Kwa hiyo usibishane na namba, ivae.

Nafasi ya kwanza naipa pama ya majani ile wanayoiita Panama, ingawa kwao si Panama. Ni ya Ecuador. Ilipitia Panama kwenda sokoni, ikabaki na jina la njiani. Inasukwa kwa mkono kwa nyuzi za mmea uitwao toquilla, na mwaka 2012 UNESCO iliuingiza usukaji huo kwenye orodha ya urithi wa utamaduni. Za mji wa Montecristi ndizo laini zaidi na bei yake inatisha. Nyingi zinazofika madukani ni za upande wa Cuenca, nazo zinatosha. Kuitambua si kazi: igeuze, tazama ndani kwenye utosi. Usukaji unaanzia hapo katikati na kushuka mpaka ukingoni bila mshono wowote. Halafu iinue kwenye mwanga, utaona duara ndani ya duara, na hapa na pale mkono wa msukaji ulipotetereka. Ikiwa kila kitu kimenyooka kama karatasi ya hesabu, yaelekea ni karatasi kweli, na hiyo mvua moja tu inaimaliza. Ukiambiwa Panama halisi hukunjwa ikatiwa mfukoni, kubali kwa kichwa tu. Majani makavu yakikunjwa yanavunjika, tena yanavunjika pale mbele panapoonekana.

Ya pili itawashangaza wengine: pama ya ukili. Hizi zetu za pwani, zilizosukwa kwa miyaa kama mkeka kisha ukili ukashonwa kwa kuzungushwa. Wanaozidharau wamezoea kuziona kwa watalii. Chagua yenye ukili mwembamba, rangi ya asili, ukingo usiozidi vidole vinne, halafu mpelekee fundi aizungushie utepe mweusi au wa rangi ya damu ya mzee. Ivae na shati jeupe la kitani na suruali ya marinda. Watu watakuuliza umeinunua wapi, nawe utaona haya kutaja bei.

Pama ya felti, yaani ya manyoya au sufu iliyoshindiliwa, inakuja ya tatu, nami najua nitatukanwa. Anayeishi kwenye baridi ya Njombe, Limuru au Arusha aipandishe iwe ya kwanza, ana haki. Lakini Dar mwezi wa pili, felti saa saba mchana ni adhabu. Ni kofia ya jioni, ya harusi na ya safari ya bara. Hapo ndipo mtumba unapoushinda mpya. Felti ya zamani ya manyoya ya sungura au ya biva, yule mnyama wa mtoni wa nchi za baridi, ni nyepesi, imebana, ukiipitishia kidole unahisi kama ngozi ya pichi, na mvua haiiharibu. Mpya za bei nafuu ni za sufu: nzito, zinalegea ukingoni, zikilowa zinarudi. Usidanganywe na herufi X zilizopigwa ndani kuonyesha ubora, kila kampuni ina hesabu yake. Jina kama Borsalino, la Italia tangu 1857, au Stetson, la Marekani tangu 1865, linapandisha bei kuliko linavyokuhakikishia hali ya kofia. Kagua ngozi ya ndani: ikiwa imekauka na kupasuka, au kuna vitobo vya nondo, pita. Bonde la utosini lililobonyea si kasoro. Mvuke wa birika na vidole vyako vitalirudisha.

Kofia bapa ya sufu yenye kijidomo mbele ni ya nne. Haipeperuki kwenye bodaboda, na kumfaa inamfaa karibu kila mtu, basi.

Kofia ya viua sikuiweka kwenye mashindano haya. Iliyoshonwa kwa mkono Unguja au Lamu huchukua miezi, na ukiivaa na kanzu na koti lililokaa mabegani hakuna felti itakayokusogelea. Tena haina ukingo, kwa hiyo unasujudu nayo. Pama lazima uivue. Ukiingia kwa watu, pama ishike mkononi, viua ibaki kichwani. Babu zetu walilijua hilo bila kufundishwa na video.

Kuhusu ukingo: usimame mbele ya kioo kirefu, si kile cha kiganja anachokupa muuzaji. Mwenye uso mwembamba na mabega madogo akivaa ukingo mpana anageuka uyoga. Mnene akivaa mwembamba, kofia inaonekana ya mtoto wake. Museveni na ukingo wake mpana ameshatuzoesha, lakini yeye ni yeye.

Na ukishainunua, usiishike kwa kubana utosi mbele, hapo ndipo majani na felti vinapopasukia. Tumia mikono miwili ukingoni. Nyumbani ilaze juu chini, utosi ukae mezani na ukingo uelee, isiwe karibu na dirisha lenye jua.